Maharagi Yanasingiziwa: Pua Iliyoziba, Pumu, na Kidonge cha Baada ya Chakula

BARUA

Jambo yenu, waganga wa safu hii.

Mimi ni mama wa miaka 36, ninakaa Majengo, hapa Goma. Kazi yangu ni kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuuza jioni. Pua yangu imeziba, huu ni mwaka wa tatu. Asubuhi kamasi nzito inashuka kooni, paji la uso na mashavu vinauma, na harufu sisikii tena kabisa. Sambaza zinaungua mbele yangu, mpaka mteja ndiye anayeniambia. Mwaka jana kifua nacho kikaanza kupiga filimbi usiku. Kwenye kituo cha afya walisema ni asima, wakanipa pompa ya buluu. Pompa moja inaisha kwa wiki tatu.

Ninaona kosa liko kwenye chakula. Siku moja nilikula maharagi saa sita mchana, saa saba nikanywa dawa ya kichwa, saa nane kifua kikanikaza, macho yakawa mekundu na pua ikatiririka kama maji. Ikanirudia hivyo hivyo mara mbili. Nikaacha maharagi. Baadaye ikanikuta nikiwa nimekula mayai, nikaacha mayai. Maziwa nimeacha kwa sababu yanaleta kohozi, na mtoto wangu wa miaka 4 nimemkataza pia asije akaota asima. Bia nusu chupa tu inanifunga pua. Sasa nimebaki na fufu na lengalenga, na nimekonda.

Ninanunua vidonge vya magnezyumu, vitamini C ile ya kuyeyusha kwa maji, omega 3, na mafuta ya habasoda ambayo ninatia matone mawili puani kila usiku. Kichwa kikiuma ninakunywa diklofenaki, wakati mwingine ibuprofeni, lakini kila mara baada ya kula, isinichome tumbo. Naomba mniambie: chakula gani kingine niache, na katika dawa hizo za nyongeza niendelee na zipi? Pesa ni kidogo.

Mama wa Sambaza, Majengo

JIBU

Mama, turudi kwenye saa ulizoandika mwenyewe. Saa sita maharagi, saa saba dawa ya kichwa, saa nane kifua. Wewe umemkamata wa kwanza, sisi tunamtilia shaka wa pili. Diklofenaki hunywewa baada ya kula, kwa hiyo kila inapofanya ubaya chakula ndicho kinachokutwa mezani. Kumbuka siku ya mayai: hukunywa kidonge siku ile pia?

Kuna aina ya pumu, yaani asima, inayokuja na mambo matatu pamoja: kifua kinachobana, pua iliyoziba kwa sababu ya vinyama laini vinavyoota ndani yake, na mwili usiovumilia aspirini na ndugu zake, kama diklofenaki na ibuprofeni. Inaanza mtu akiwa mzima, mara nyingi kati ya miaka 20 na 45, na kwa kawaida pua ndiyo inayotangulia, kifua kinafuata. Katika watu wazima 100 wenye pumu, karibu 7 wanayo. Kupoteza harufu kabisa ni dalili yake kubwa, na wengi wao pombe kidogo tu inawafunga pua au kifua, kama bia inavyokufanya wewe. Hatuwezi kukupima kwa barua. Ila dalili hizi zikikutana zote kwa mtu mmoja, ni haki kumshuku huyu kwanza kabla ya kuendelea kumnyima mtu chakula.

Inakuwaje kidonge cha maumivu kikaze kifua? Diklofenaki inatuliza maumivu kwa kufunga njia moja ya kemikali mwilini. Kwa watu wa aina hii, njia hiyo ikifungwa, kazi inahamia njia ya jirani, ile inayotengeneza leukotrieni, vitu vinavyokaza mirija ya hewa na kuvimbisha pua. Inatokea kati ya nusu saa na saa tatu baada ya kumeza. Kula kwanza kunaweza kulinda tumbo, kifua hakukilindi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuacha halipo kwenye sahani. Ni aspirini, diklofenaki, ibuprofeni, indometasini, piroksikamu, ketoprofeni, naproksini, na metamizoli, ile wanayopenda kupiga sindano mtu akiwa na homa. Sindano na pomada za dawa hizo zimo pia. Kwenye kikaratasi cha Kifaransa ndani ya boksi tafuta herufi AINS, jina fupi la kundi hili la dawa: ukiziona, rudisha boksi. Vidonge vya mafua vinavyouzwa kimoja kimoja bila boksi usinunue, maana vingi vimechanganywa na moja ya hizo na huwezi kujua. Na usijaribu tena diklofenaki nyumbani ili kuhakikisha kama tunasema kweli. Jaribio hilo hufanyika hospitalini tu, mbele ya daktari mwenye oksijeni, kwa dozi ndogo ndogo. Nyumbani linaweza kuua.

Kichwa kikiuma, tumia parasetamoli, kidonge kimoja cha miligramu 500, na ungoje muda wa saa sita kabla ya kingine. Usinywe viwili kwa mara moja: wachache wenye tatizo hili wanabanwa hata na parasetamoli ikifika miligramu 1000. Mara ya kwanza inywe mchana, pompa ikiwa karibu na mtu nyumbani. Ukipatwa na malaria, kabla hawajavuta dawa kwenye seringi, mwambie muganga hivi: «Diklofenaki na ibuprofeni zinanifunga kifua.» Waombe waiandike kwa wino mwekundu juu ya kitabu chako cha matibabu.

Sasa pompa ya buluu. Hapa ndipo barua yako ilipotutisha kuliko mahali pengine. Pompa moja ya salbutamoli ina mivuto 200. Ikiisha kwa wiki tatu, unavuta karibu mara 10 kwa siku. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unahesabu pompa 3 kwa mwaka kuwa tayari ni alama ya hatari, na moja kila mwezi kuwa hatari ya kufa. Salbutamoli inafungua mirija kwa saa chache, uvimbe ndani yake inauacha palepale. Tangu 2019 mwongozo huo umesema mtu mzima asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Lazima awe na dawa ya kuvuta yenye kotikoidi kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe, kama beklometasoni au budesonidi; na aliyefika kiwango chako aivute kila siku, hata siku anayojiona mzima. Huko ndiko pesa ya omega 3 inakopaswa kwenda. Ukishavuta ya kotikoidi, sukutua mdomo kwa maji na uteme, la sivyo utapata utando mweupe mdomoni.

Tunaona pia watu wengi wanavuta vibaya: dawa inapiga ulimi na kubaki pale. Tengeneza chumba cha dawa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, kwa sababu plastiki iliyofutwa inashika dawa kwenye kuta. Pasha waya, ukate kwenye kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa pompa, liwe dogo kidogo ili pompa iingie kwa nguvu, kisha ziba kando kwa utepe wa gundi. Tikisa pompa, bana mdomo wa chupa kwa midomo yako, bonyeza mara moja tu, vuta pumzi polepole mara tano ukiwa umeshikilia chupa. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, ndipo ubonyeze ya pili. Ukibonyeza mara mbili mfululizo, unapoteza sehemu ya dawa. Na lile jambo la kutumbukiza mkebe kwenye maji kuona kama unaelea halikuambii kilichobaki; hesabu mivuto kwa vijistari kwenye karatasi.

Siku ukishindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, au midomo ikigeuka rangi, vuta mivuto 4 hadi 10 kwa chupa hiyo, moja moja, na uanze safari ya hospitali palepale. Njiani rudia kila dakika 20. Usingoje kuona kama kutapambazuka salama.

Tuje kwenye begi lako la nyongeza.

Mafuta ya habasoda puani: acha leo. Mafuta yanayotiwa puani usiku yanateremka mtu akiwa usingizini mpaka mapafuni, na pafu halina njia ya kuyaondoa. Yakirundikana yanaleta nimonia isiyosikia antibiotiki. Kuna majaribio madogo ya habasoda ya kumeza kwa wenye pumu, mengine yana matumaini, lakini hakuna hata moja linaloifanya ishike nafasi ya dawa ya kuvuta. Ukipenda kuitia kwenye mkate, tia. Ule mtindo wa kusokomeza kitunguu saumu puani nao ni wa kuachwa. Unachoma ngozi ya ndani, na ute mwingi unaotoka baadaye ni kilio cha pua iliyoungua.

Vitamini C ya kuyeyusha: chukua boksi lake ukasome mbele ya mlango penye mwanga. Kuna aina zilizochanganywa na aspirini. Ukikuta maneno acide acétylsalicylique, huyo ni yule yule adui amevaa nguo ya machungwa. Hata ikiwa safi, haitibu pumu. Mwanamke mzima anahitaji kama miligramu 75 kwa siku, na gramu 100 za mapera zina zaidi ya 200.

Magnezyumu tunajua ilikotoka sifa yake. Hospitalini, mtu akizidiwa na pumu, hupewa gramu 2 za magnezyumu salfeti kwenye mshipa, polepole kwa dakika 20, na inasaidia. Watu wakasikia jina wakakimbilia vidonge. Kidonge hakifikishi dozi hiyo kwenye damu. Ukiongeza vidonge ili kifikishe, utaharisha tu. Maharagi uliyoyafukuza yana magnezyumu nyingi kwa kazi ya kila siku.

Omega 3 ya vidonge haijathibitika kwa pumu, na wewe unakaanga samaki kila jioni! Sambaza aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo ndiye protini ya bei nafuu ya watu wa ziwa hili. Mpike wa kuchemsha na nyanya mara mbili tatu kwa wiki, usimpitishe kwenye mafuta ya moto. Atakuja pia mtu na vitamini D. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, watafiti wanaokusanya majaribio mengi na kuyapima pamoja, yaliona kama inapunguza mashambulizi makali ya pumu. Yalipofanywa upya 2023 kwa majaribio mengi zaidi, faida hiyo haikuonekana. Wewe unashinda juani, kilomita zisizofika 200 kutoka ikweta. Acha.

Umesema umekonda, na mjini hakukosi mtu atakayekupa vidonge vya kunenepesha. Vingi vina deksametasoni. Utaona ajabu: siku tatu, pua inafunguka, harufu inarudi, kifua kinatulia. Hapo ndipo mtego ulipo, maana hiyo ni kotikoidi ya nguvu inayoingia mwili mzima, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na ukiikatisha ghafla baada ya wiki kadhaa unaweza kuzirai na kupoteza uhai. Dawa yoyote ya mitishamba inayofungua kifua kwa kasi hiyo, jiulize ndani yake kumetiwa nini.

Kahawa, kwa kuwa tuko Kivu: kafeini kweli inafungua mirija kidogo kwa saa mbili mpaka nne. Kikombe cha asubuhi ni halali. Ila kama kituo kimekupa aminofilini au teofilini, usiongeze kahawa nyingi, kwa sababu ni ndugu wa damu na moyo utadunda vibaya. Vidonge vya salbutamoli vinavyouzwa kwa bei ya chini vinatetemesha mikono bila kufika vizuri mapafuni. Chagua ya kuvuta.

Pua sasa, na hapa hakuna cha kununua isipokuwa seringi ya mililita 20 bila sindano. Maji ya bidoni kutoka ziwani, hata yakiwa na klorini, usiyatie puani mabichi: kuna vijidudu ambavyo tumbo linavishinda lakini njia ya pua haiviwezi. Chemsha lita moja, yaache yatokote dakika tatu nzima, funika, yapoe mpaka yawe vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Tia chumvi laini kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa kwa kisu, ambayo ni karibu gramu 9, na nusu kijiko cha bikaboneti ya mandazi. Chumvi ya mawe ina mchanga, iache kwenye sufuria ya mboga. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, fungua mdomo na upumulie huko. Sukuma maji taratibu kwenye tundu la juu, seringi tano au sita, yatokee tundu la chini, kisha geuza. Yakichoma, chumvi imepungua au imezidi, au maji ni ya baridi. Masikio yakiziba, umesukuma kwa nguvu mno au umepenga tundu zote mbili kwa pamoja. Penga moja moja. Siku za kwanza maji yanaweza kugoma kupita kabisa: hiyo nayo ni habari, mwambie daktari. Fanya asubuhi na jioni, lakini isiwe dakika ya mwisho kabla ya kulala, kwani yaliyobaki yatashuka kifuani. Maji yasiyotumika ndani ya siku moja yamwage, seringi ichemshwe.

Ukishaosha, ndipo dawa ya kupuliza puani yenye kotikoidi inafika panapohitajika. Mwombe daktari akuandikie. Ishike kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, ielekee upande wa sikio, mbali na ukuta wa kati, ambao ukipigwa kila siku unatoa damu. Usiihukumu kabla ya wiki 8. Matone yale ya kufungua pua papo hapo yasizidi siku tano. Yakizidi, pua inaziba kwa ajili ya matone yenyewe. Antibiotiki za kila mwezi nazo haziondoi vinyama vya puani. Lakini kamasi ikiwa ya upande mmoja tu, yenye damu au kunuka, hiyo si habari ya maji ya chumvi: ni daktari wa masikio, pua na koo, na mara nyingine ni jino la juu lililooza.

Kuhusu kazi yako, hatutakuambia uache kukaanga, kwani nani atalipa nyumba? Washa mbabula, jiko lako la makala, nje, kwa vijiti vikavu, kamwe si kwa sashe ya plastiki, na usiweke karai mpaka makala yote yawe mekundu na moshi uishe. Inua mbabula juu ya mawe mpaka kiunoni, usimame upande upepo unakotoka. Mafuta yakianza kutoa moshi yameshapita kiasi: yanaharibu sambaza na kifua. Hilo la moshi utaliona kwa macho, lakini mengine hayaonekani. Siku ambazo volkano ya Nyiragongo au ya Nyamulagira inatupa gesi mjini, wengine wanasikia ile harufu ya kiberiti, nayo inabana mirija ya wenye pumu; wewe huisikii. Mfanye mtoto wako mkubwa au jirani awe pua yako, kwa gesi, kwa chakula kilichochacha na kwa kitu kinachoungua.

Ukila usiku baada ya biashara, pitisha saa mbili au tatu kabla ya kulala. Fufu nyingi, sombe ya mawese na pilipili, kisha kulala palepale, vinapandisha asidi kooni, na asidi hiyo inaamsha kikohozi cha usiku wa manane. Bia na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ziache mpaka pua itibiwe. Ukinywa divai au maji ya matunda ya chupa, angalia namba E220 mpaka E228: ni salfaiti, na baadhi ya wenye pumu zinawabana kweli. Nyanya na matunda watu watakukataza wakisema yana aspirini ya asili. Ushahidi wake ni dhaifu, kula.

Vyakula vyako virudishe hivi, maadamu siku hizo hukunywa AINS yoyote na kifua kimetulia. Anza na maharagi, vijiko vitatu mchana, siku inayofuata sahani. Siku tatu zikipita salama, yai moja lililoiva kabisa, na kesho yake mawili. Andika saa uliyokula na saa ya kila kidonge. Chakula chenye mzio kwa kawaida kinajionyesha ndani ya saa mbili, kwa mabaka yanayowasha, midomo kuvimba au kutapika. Ukiwahi kupata hayo kwa chakula fulani, kisirudishwe nyumbani, bali mbele ya daktari.

Maziwa hayatengenezi kohozi. Yakichanganyika na mate yanakuwa mazito kooni kwa dakika chache, ndicho unachokisikia. Wala mtoto haoti pumu kwa kuyanywa. Mrudishie kikombe chake leo jioni.